Panya walipata saratani kwa sakarini: je, binadamu inamhusu?

Swali
Habari zenu, ndugu. Mama yangu ana kisukari, na kwa miaka mingi amekuwa akitia vidonge vya sakarini, kitia utamu kinachotumika badala ya sukari, kwenye chai. Nimesoma kwamba mwaka 1977 Kanada iliizuia sakarini baada ya panya wa maabara kupata saratani ya kibofu cha mkojo, na kwamba Marekani nayo ilikusudia kufanya vivyo hivyo. Wapo wanaoyapuuza majaribio hayo kwa kuwa panya walilishwa kiasi kikubwa mno. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama yalikuwa na kasoro, au yalikuwa ya kweli ila hayatuhusu.

Jibu la kwanza
Ndugu, yalikuwa ya kweli. Panya dume waliokulia kwenye chakula chenye asilimia 5 ya sodiamu sakarini, tangu wakiwa tumboni mwa mama zao, walipata uvimbe wa kibofu zaidi kuliko wenzao. Hoja ya wingi wa dozi pekee hainiridhishi, kwa sababu watafiti huipandisha makusudi: panya mia chache hawawezi kufichua hatari inayompata mmoja kati ya maelfu kama dozi ni ndogo.

Kilichobadili uamuzi ni kujulikana jinsi uvimbe ulivyotokea. Mkojo wa panya una protini nyingi na kalsiamu fosfeti nyingi. Sodiamu sakarini inapozidi ndani yake, hujitenga chembe ngumu zinazoumiza utando wa kibofu, seli hufa, nyingine huzaliana haraka kujaza nafasi zao, na hali hiyo ikiendelea maisha yote ndipo uvimbe huanza. Mkojo wa binadamu hauna mchanganyiko huo. Kwa hoja hiyo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliihamishia sakarini mwaka 1999 kwenye kundi la vitu visivyoweza kuainishwa kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2000 Marekani ikaiondoa kwenye orodha yake ya vitu vinavyoshukiwa.

Jibu la pili
Naongezea kwamba tatizo la Marekani lilikuwa pia la kisheria. Kifungu cha Delaney cha mwaka 1958 kilikataza kiongezwa chochote cha chakula kinachosababisha saratani kwa mnyama, bila kuuliza dozi wala jinsi saratani inavyotokea. Bunge liliahirisha katazo la sakarini na kuagiza onyo liandikwe kwenye vifungashio.

Kuhusu mama, lililo karibu naye zaidi ni kwamba wagonjwa wa kisukari walichunguzwa Uingereza katika miaka ya 1970, maana hao ndio waliotumia sakarini kwa wingi, na vifo vya saratani ya kibofu havikuonekana kuzidi. Aidha, nyani 20 walipewa miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito, siku tano kwa wiki, baadhi yao hadi miaka 24, na vibofu vyao havikudhurika.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Je, maelezo haya yanaihusu aspatame, kitia utamu kingine, pia?

Jibu la kwanza
Hapana, aspatame ina habari yake. Taasisi ya Ramazzini ya Bologna, Italia, ilitangaza mwaka 2005 kwamba panya walioachwa waishi hadi kufa wenyewe walipata limfoma na lukemia (saratani za tezi za limfu na za damu) zaidi. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula haikuyakubali matokeo hayo, kwa sababu panya wengi walikuwa na maradhi sugu ya mapafu yanayoweza kuvuruga hesabu.

Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aspatame kwenye kundi lake la 2B, yaani huenda inasababisha saratani. Kundi hilo hupima uzito wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Wakati huohuo kamati ya wataalamu wa FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya) iliacha kiwango kinachokubalika kwa siku palepale, miligramu 40 kwa kilo, ambacho kwa mtu wa kilo 70 ni miligramu 2,800. Vidonge vya aina zote mbili hufanana, kwa hiyo soma kwenye kifungashio ujue mama anatumia kipi.