Mbwa Maltese wa kilo 4 anajikuna usiku kucha, nianzie wapi kutafuta chanzo?

Bibie wa Mbezi
Habari za jioni wakuu. Mbwa jike, Maltese, miaka 3, kilo 4.2 kwa mizani, tuko Dar. Huu mwezi wa pili anajikuna mfululizo, kengele ya shingoni hailali. Anatafuna miguu ya mbele hadi manyoya meupe katikati ya vidole yamekuwa rangi ya kutu. Juu ya mkia kuna kipara kama sarafu ya shilingi 200, chenye vipele na magamba. Masikio na nyayo vina harufu kama ya hamira. Kiroboto sijaona hata mmoja.

Chakula: wali, dagaa, firigisi, siku nyingine utumbo wa ng'ombe. Anaogeshwa kila wiki kwa sabuni ya dawa ya binadamu. Wiki mbili zilizopita aliogeshwa dawa ya kupe ya ng'ombe, akatulia siku tatu, muwasho ukarudi palepale. Duka la dawa za mifugo wanasema achomwe ivermektini, sindano ya kuua minyoo na wadudu wa mwilini. Nikubali?

Dkt. Manyoya
Usikubali, dada. Fanya hesabu kwanza. Ivermektini inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe huwa ni ya asilimia 1, yaani mililita 1 ina miligramu 10. Dozi ya upele (ugonjwa wa ngozi unaoletwa na utitiri) kwa mbwa ni miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kila kilo. Kwa kilo 4.2, kiwango cha chini ni miligramu 0.84, ambayo ni mililita 0.08. Hicho ni kitone, bomba la mililita 5 halina hata mstari wa kukipima. Mchomaji akivuta "kidogo tu", tuseme robo mililita, tayari ameingiza miligramu 0.6 kwa kilo. Ikizidi sana mbwa hupepesuka, hutoka mate, hutetemeka, mboni hupanuka asione, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Na hapo bado hatujui kama ana upele!

Muwasho ni dalili, ugonjwa wenyewe unatafutwa kwa kuangalia sehemu zinazowasha. Kipara cha kiunoni juu ya mkia ni viroboto mpaka ithibitike vinginevyo. Kutowaona si hoja. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huumwa na wachache tu akawashwa siku kadhaa, tena huwatafuna na kuwameza. Tafuta kinyesi chao:

1. Msimamishe juu ya karatasi nyeupe ya jikoni iliyoloweshwa maji.
2. Chana kiuno na shina la mkia kwa kitana cha chawa, dakika tano, kwa kurudisha manyoya nyuma.
3. Punje nyeusi zikidondoka, subiri dakika moja. Zikitoa duara la hudhurungi-nyekundu, hiyo ni damu iliyomeng'enywa. Vumbi la kawaida hubaki jeusi.

Angalia na mkundu. Vipande vyeupe kama punje za mchele au mbegu za tango ni tegu, mnyoo anayepatikana kwa kumeza viroboto.

Kwa upele, kunja ncha ya sikio uisugue kwa kidole sekunde tano. Mguu wa nyuma wa upande huohuo ukianza kupiga kama anajikuna, upele unashukiwa, hasa kingo za masikio na viwiko vikiwa na magamba. Kukwangua ngozi mara nyingi hakumpati mdudu hata kama yupo, kwa hiyo majibu safi ya maabara yasikutulize.

Tiba ya kwanza ni moja kwa yote mawili: kidonge cha kutafuna ambacho jina la dawa yenyewe kwenye boksi huishia na -laner. Nunua cha uzito wake. Usikate cha mbwa mkubwa. Kama amewahi kupata degedege, mwambie daktari kabla ya kumpa.

Mwosha Mbwa
Nakubaliana na daktari, ila harufu ya hamira usiiache ingoje. Hiyo ni fangasi wa ngozi, aina ya Malassezia, na hunawiri penye unyevu: vidole, makwapa, masikio. Rangi ya kutu ni mate tu, inakuonyesha anapolamba, haikwambii kwa nini. Uthibitisho ni rahisi: kliniki wanabandika selotepu safi kati ya vidole, wanaipaka rangi, wanaiangalia kwa hadubini. Fangasi wanaonekana kama karanga zenye viuno.

Acha sabuni ya binadamu, inakausha ngozi na kuongeza muwasho. Tafuta shampuu ya mbwa yenye klorheksidini asilimia 2 na mikonazoli asilimia 2. Punguza manyoya ya tumbo na nyayo, maana kwa joto la Dar Maltese hakauki upesi. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu, anza kupaka miguuni na tumboni, kisha weka saa: dakika 10 povu likiwa mwilini. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanasuuza baada ya dakika moja halafu wanasema shampuu feki. Suuza mpaka maji yawe safi, kausha kila nafasi ya vidole. Mara mbili kwa wiki, wiki tatu au nne. Sikioni usimimine kitu kabla ngoma ya sikio haijaangaliwa.

Atakayekuja hapa kusema apakwe oili chafu ya gari, tafadhali apite. Mbwa atailamba yote.

Bibie wa Mbezi
Nimefanya. Karatasi imetoa madoa mekundu, na mkunduni kuna hizo punje za mchele. Sikio limesuguliwa, mguu haukupiga. Dada wa kazi naye ana vipele vifundoni. Je, nibadilishe chakula sasa hivi? Na kwa nini dawa ya ng'ombe ilisaidia siku tatu?

Dkt. Manyoya
Vifundoni ni viroboto. Upele wa mbwa kwa kawaida humwasha mtu pale anapompakatia: mikono na tumbo.

Dawa ya ng'ombe huenda iliua waliokuwa mwilini tu. Viroboto wazima ni kama asilimia 5 tu ya wote. Mayai, funza na mabuu wako chini ya makochi, kwenye kapeti na mchanga wa barazani. Buu hukaa ndani ya kifuko chake miezi, dawa nyingi hazimpenyi. Kwa hiyo kidonge kitolewe miezi 3 bila kuruka (kama ni cha mwezi mmoja), kwa kila mbwa wa nyumbani. Paka wana dawa yao: tone la mbwa (dawa ya kudondoshea shingoni) lenye permethrini linaua paka. Foronya ya malazi yake ifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki, chini ya fanicha pafagiliwe kila siku, taka zitoke nje. Ukiona viroboto wapya wiki ya tatu usiseme dawa imegoma, hao ndio wanaoanguliwa. Hiyo ya ng'ombe usirudie. Kama ni amitrazi, mojawapo ya dawa za kupe, kambwa ka kilo 4 mapigo ya moyo yanashuka na mwili unapoa upesi.

Tegu: prazikwanteli miligramu 5 kwa kilo, kidonge cha miligramu 50 apewe nusu.

Chakula acha kilivyo. Ukibadilisha kila kitu siku moja hutajua kilichomponya. Kila Jumapili andika muwasho kwa alama 0 hadi 10. Viroboto na fangasi wakiisha na muwasho bado uko juu ya 4, ndipo tunajaribu nyama ambayo hajawahi kula, mfano sungura na viazi, wiki 8, bila hata mfupa wa jirani. Vidonge vya kutafuna vina ladha ya nyama, wakati huo tunahamia tone la shingoni. Akipoa, anarudishiwa chakula cha zamani hadi siku 14. Akianza kujikuna tena, jibu tunalo. Asipopoa, tunaongelea mzio wa vumbi na poleni.

Na sindano ya "kukata muwasho" ukatae kwa sasa, itafanya alama zako zote ziwe za uongo.

Bibie wa Mbezi
Sawa daktari. Kwa hiyo firigisi anaendelea nazo?

Dkt. Manyoya
Anaendelea. Ila sungura usimwonjeshe kabisa, hata kipande, tusije tukakosa nyama ya kumjaribia.