Mtoto kabanwa na watu watatu kwenye kiti cha meno, mimi baba yake nimefungiwa nje!

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Jumatatu nilimpeleka kijana wangu wa miaka 5 kung'olewa gego, hapa Moshi mjini. Shavu lilishavimba, usiku hatulali. Tumetoka Pasua alfajiri, tukakaa benchi mpaka saa sita kasoro. Alipoitwa, nikaambiwa, "Baba subiri nje, nyie wazazi ndio mnawadekeza." Mlango ukafungwa.

Nilichokisikia huko ndani sikiandiki chote. Nilipousukuma mlango nikakuta mmoja kabana miguu, mwingine kichwa, wa tatu kamziba mdomo kwa kiganja ili anyamaze. Mtoto anahema kwa pua, macho yamemtoka. Nani aliniuliza kama naridhia? Hiyo ya kuziba mdomo hata Marekani, ambako zamani madaktari waliifundishwa, chama chao cha meno ya watoto kiliitoa kwenye mwongozo mwaka 2006. Sisi bado tunayo.

Ila walionimaliza ni wazazi wenzangu pale benchi. Mama mmoja: "Ashikwe tu, si dakika mbili." Mzee mmoja, meno ya kahawia kama wengi wetu tuliokulia maji ya floraidi ya huku, akacheka kabisa: "Sisi tuling'olewa kwa uzi, mbona tupo?" Aisee!

Sikatai, mtoto akirusha mikono sindano ikiwa mdomoni ataumia, kuna wakati itabidi ashikwe. Lakini si uanze kwanza kuongea naye! Mwonyeshe kile kioo, ahesabu meno yake, mpatane kwamba akiinua mkono unasimama. Subiri ganzi ishike. Na mimi niambiwe mapema, nikubali au nikatae.

(Kabla hamjanirukia: na mimi nilikuwa namtisha nyumbani, "ukisumbua nakupeleka kwa daktari akuchome sindano." Nimeacha juzi.)

Sasa hata mswaki anaufungia mdomo. Na upande wa pili kuna gego limetoboka, linatakiwa kuzibwa. Msije na "la utoto hilo, litang'oka lenyewe", magego ya nyuma hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Mwenye kumjua daktari wa meno, Moshi au hata Arusha, anayemwacha mzazi aingie na mtoto wake, anitajie. Nauli nitatafuta.