Judo kilo 63: Anicka van Emden alionewa 2012 au sheria ndo ilivyo?

Wakuu, naileta hii hapa maana kila nikibishana na washkaji inaisha kwa kelele tu. Anicka van Emden, Mholanzi, mzaliwa wa Den Haag, mwanajudo wa kilo 63. 2011 kachukua shaba ya dunia pale Paris. Mwaka unaofuata Olimpiki ya London, hayupo! Olimpiki nchi inapeleka mtu mmoja tu kwa kila uzito na Uholanzi ilikuwa na wawili wakali, yeye na Elisabeth Willeboordse aliyepata shaba Beijing 2008, wakampeleka Willeboordse na akarudi mikono mitupu.

Sasa ona, 2016 Rio zamu yake ikafika, ana miaka 29, akachukua shaba, na ndo medali pekee ya judo Uholanzi waliyorudi nayo mwaka ule. Miaka minne yote hiyo nani anamrudishia? Judo siyo mchezo wa kusubiri, goti likishaenda limeenda. Mi msimamo wangu, kama lazima aende mmoja basi waingie tatami (mkeka wa judo) wamalizane wenyewe, akipigwa ippon (ushindi kamili unaomaliza pambano) hana wa kumlaumu, kuliko watu wa ofisini kukaa kumchagulia mtu maisha.

*

Mkuu hapo kwenye kumalizana nakupinga. Judo sekunde kumi tu umeshalala chali. Mtu kakusanya pointi za IJF (shirikisho la judo la dunia) miaka miwili, kazunguka mashindano dunia nzima, halafu siku ya mchujo kaamka na homa ndo basi tena? Na Willeboordse unamtaja kama vile kaokotwa njiani, yule alikuwa na fedha ya dunia 2009 tena kwao Rotterdam, juu yake medali ya Olimpiki. Ungekuwa kocha 2012 ungemwacha? Matokeo ya London sote tunayajua SASA.

*

Kaka zangu mnalilia Wazungu wenye shaba mbili mbili 😂 Ubingwa wa dunia nchi inaruhusiwa kupeleka wawili uzito mmoja, si waliupata uwanja wao huko? Olimpiki nafasi zina hesabu. Japani wakiweka wawili, Ufaransa wawili, Uholanzi wawili, wa kwetu anaingilia wapi? Andrew Mlugu wa Tanzania alipigana Paris 2024 kilo 73, tena alibeba bendera. Mkifungua huo mlango wa wawili wawili muanze kumtafutia na yeye pa kukaa.

*

Dada umeua. Ila mtu anayebanwa kwao siku hizi anahama. Kim Polling, Mholanzi wa kilo 70, bingwa wa Ulaya zaidi ya mara moja, Olimpiki ya Tokyo nafasi ikaenda kwa Sanne van Dijke (na Sanne kaja na shaba, so hapo wachaguzi hawana kosa). Polling ana mume Mtaliano, akahamia Italia, na Paris 2024 wote wawili wamo kilo 70, mmoja Uholanzi mwingine Italia, wote wametoka bila medali. Kwa hiyo sheria ya mtu mmoja imezuia nini hapo?

*

Mbona hakuna anayemtaja Juul Franssen? 2016 huyo huyo Anicka kaenda Rio na Juul kilo hiyo hiyo 63 kabaki nyumbani, baadae 2018 kachukua shaba ya dunia. Mleta mada huyu humwonei huruma au kwa vile wa kwako alipata medali?

*

Mleta mada hapa. Juul naye namlilia vilevile, ndo maana sijasema Anicka apewe, nimesema WAPIGANE. 2012 Anicka na Willeboordse, 2016 Anicka na Juul, atakayepona aende. Dada uliyemtaja Mlugu nakubaliana na wewe mia kwa mia, wawili wawili hapana.

Ila wewe unayesema siku moja inadanganya, hebu nisaidie, Olimpiki yenyewe kilo 63 inapiganwa siku ngapi? Asubuhi raundi za kwanza, jioni fainali, kwisha. Mwenye homa siku hiyo hasubiriwi. Kama mnaogopa bahati wapigane mara tatu, mwenye mbili aende. Nani ana hoja dhidi ya mara tatu?