Sha Na Na: warithi wa rokenroli ya zamani au waigizaji wake?

Mpenzi wa Santuri
Ndugu zangu, naomba tujadili jambo lililonikera tangu juzi, nilipoitazama tena filamu ya tamasha la muziki la Woodstock, Marekani. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 18 Agosti 1969, uwanja ukiwa tope tupu na watu wengi wamekwisha kuondoka, vijana wa bendi ya Sha Na Na walipanda jukwaani muda mfupi kabla ya mpiga gitaa Jimi Hendrix. Watatu wa mbele walivaa nguo za rangi ya dhahabu zinazometameta, nywele wamezipaka mafuta zikalala, wakaziimba zilipendwa za miaka ya 1950 kwa kasi ya mtu anayefukuzwa. Baada ya hapo riziki yao ikafunguka kwa zaidi ya miaka 50: kipindi chao cha televisheni kuanzia 1977, nafasi katika filamu ya Grease mwaka 1978, na ziara mpaka walipostaafu mwaka 2022. Je, waliurithi muziki ule wakautunza, au waliugeuza kichekesho? Mimi naona waliugeuza kichekesho. Walikuwa watoto wa chuo waliokuwa wakicheza tu, wakavuna shamba ambalo hawakulilima.

Besi wa Kwaya
Ndugu Santuri, hayo maneno "wakicheza tu" yamenichoma, na sitayaacha yapite. Naimba besi kanisani mwaka wa 22 sasa. Kundi hilo lilianza kama kwaya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ikiimba bila ala yoyote, na uimbaji wa namna hiyo hauna pa kujificha. Besi anapobeba mwendo wa wimbo peke yake, akikosea pumzi mara moja tu, sauti zote za juu zinayumba naye. Jon Bauman, yule aliyejulikana kama Bowzer, ambaye watu wanamkumbuka kwa kutunisha mkono uliokonda na kuachama mdomo, alikuwa amesomea piano katika shule ya muziki ya Juilliard. Mtu wa namna hiyo anapochekesha huwa amekwisha kufanya mazoezi mpaka usiku wa manane.

Mama Neema
Kaka Besi, umelijibu neno moja na hoja yenyewe umeiacha. Hakuna aliyesema hawakujua kuimba. Columbia iko mlimani, Harlem, mtaa wa watu Weusi, iko bondeni, na katikati kuna bustani ya umma ambamo chuo kilitaka kujenga jumba la mazoezi ya michezo lenye mlango wa chini kwa ajili ya watu wa Harlem. Aprili 1968 wanafunzi waliyateka majengo ya chuo kwa sababu hiyo na kwa sababu ya utafiti wa kivita, na zaidi ya watu 700 wakakamatwa. Mwaka uliofuata, katika chuo hicho hicho, George Leonard akalibunia kundi hili onyesho la kuwapatanisha wanafunzi waliokuwa wakichukiana, akiwakumbusha utoto wao wa miaka ya 1950 kana kwamba miaka hiyo ilikuwa sherehe. Wanafunzi walipatana, lakini waimbaji wa Harlem, wenye muziki huo, walipata nini? Mwimbaji Frankie Lymon, aliyetamba mwaka 1956 akiwa mtoto wa miaka 13, alifariki huko huko Harlem Februari 1968 kwa dawa za kulevya, akiwa na miaka 25.

Na jina lenyewe la bendi limetoka katika kiitikio cha "Get a Job" cha The Silhouettes, vijana Weusi wa Philadelphia. Wimbo huo unamhusu mtu asiye na kazi, anayeamshwa kila asubuhi kwa kelele na kutupiwa gazeti lenye matangazo ya ajira. Ukiuondoa ukosefu wa kazi katika wimbo huo, kinachobaki ni "sha na na". Hicho ndicho walichokichukua.

Besi wa Kwaya
Dada Neema, nakuheshimu, lakini umeandika kana kwamba ndani ya kundi lile hapakuwa na Mweusi hata mmoja. Denny Greene alikuwamo tangu mwanzo, na aliimba kama kiongozi, si kama mwitikiaji wa nyuma. Baadaye alisomea sheria Chuo Kikuu cha Yale, akawa profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Dayton hadi alipofariki mwaka 2015. Unawatetea waliofutwa huku ukimfuta yeye?

Mama Neema
Sikumfuta, nilimsahau, na kwa hilo naomba radhi kwa moyo mweupe. Hata hivyo, mmoja kati ya kumi na wawili hailipi deni la mtaa mzima.

Mwalimu wa Isimu
Niruhusuni niongeze jambo linalotuhusu sisi wenye lugha hii. Robert Leonard, mdogo wake George na mmoja wa waanzilishi wa bendi, aliliacha jukwaa akarudi Columbia, na tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1982 inachambua vionyeshi vya Kiswahili: huyu, huyo, yule. Sasa tazameni tulivyoandika hapa. Ndugu Santuri ameandika "muziki ule" na Dada Neema "wimbo huo". Kwa Santuri muziki uko mbali, umekwisha kupita. Kwa Neema bado uko mezani, una mwenyewe na una madai.

Mpenzi wa Santuri
Mwalimu, sikuja hapa kusahihishiwa sarufi. Mtu kuandika tasnifu kuhusu Kiswahili hakumpi hati ya kumiliki muziki wa Harlem. Isitoshe, nilisema "ule" kwa mapenzi, kama mtu anavyosema "nyumba ile" akiwa na maana ya nyumba aliyozaliwa.

Mwalimu wa Isimu
Sikukusahihisha, ndugu yangu, na maelezo yako yamenifundisha. "Ile" ya nyumba uliyozaliwa ni kweli kabisa, nami sikuifikiria.

Besi wa Kwaya
Kabla hatujahamia kwenye sarufi moja kwa moja: Bauman huyo huyo alitumia uzee wake kuzunguka mabunge ya majimbo, akidai sheria dhidi ya vikundi bandia vinavyopanda jukwaani kwa majina ya waimbaji wa zamani bila hata mwanachama mmoja aliyerekodi. Majimbo zaidi ya 30 ya Marekani yamezipitisha. Mtu anayeudhihaki muziki hahangaiki hivyo.

Mama Neema
Hilo nalikubali, na ni zito. Lakini sheria hizo zinalinda jina lililoandikwa kwenye santuri. Kiitikio cha Silhouettes hakikuwa jina la mtu mpaka wenzao walipokichukua na kukiandika mlangoni.

Mpenzi wa Santuri
Mwalimu, samahani kwa ukali wangu wa awali. Je, katika tasnifu hiyo, "ile" ya mapenzi ameitaja?