Wanafunzi wa sheria wapelekwe fildi kwenye migogoro ya wapangaji. Wana Dodoma mnasemaje?

Mleta hoja: Wakuu, fildi ikifika wanafunzi wa sheria wanatawanyika kwenye ofisi za mawakili na mahakamani, na wengi wanaishia kutoa kopi na kupanga mafaili. Huku mitaani, tangu itangazwe 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma, chumba kimekuwa dhahabu. Kuanzia Ng'ong'ona hadi Nzuguni watu wanatolewa vyombo nje. Kwa nini wasipangwe kwenye kata? Tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Pale anatakiwa mtu wa kusikiliza na kuandika vizuri.

Mama Mwenye Nyumba, Nkuhungu: Mwanangu, hao wanafunzi ndio wapangaji wetu! Mwaka jana mmoja alinidai risiti ya kodi ya miezi sita, nikampa. Alipohama akaondoka na balbu zote. Leo aje anisuluhishe na mwenzake?

Mwaka wa Tatu: Shikamoo mama, pole kwa balbu. Mimi fildi yangu yote nilikuwa wa kutumwa chai, kwa hiyo hoja naiunga mkono. Ila kutoka chuo hadi Kizota ni daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Wenye mkopo wa Bodi wana hela ya fildi. Sisi tusio nao?

Wakili Kijana: Tusiwape watu matumaini hewa. Sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Siku hizi mkataba ndio kila kitu, na nusu ya wanaonijia hawana hata karatasi. Halafu mwanafunzi akikosea ushauri, yeye anakatwa maksi, mpangaji anakosa pa kulala. Hata msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Wawe chini ya wakili, kila barua ipitiwe kabla haijatoka.

Mama Lishe, Chang'ombe: Wakili, mimi nilipigiwa kufuli, sufuria na mkaa vyote ndani, siku tatu siuzi. Ofisini wakaniambia njoo Jumatatu. Sikuwa na shida ya wakili wa kunisimamia. Nilitaka mtu aniandikie barua ya ukurasa mmoja, mwenye nyumba aone kuna anayejua sheria. Huyo mwanafunzi wa chai angetosha kabisa.

Mleta hoja: Wakili kanisogeza kidogo. Basi waanzie mwanzo wa safari: wakae ofisi ya mtaa, mtu akipata chumba, mkataba uandikwe hapohapo pande zote zikiwepo, kabla dalali hajala mwezi wake. Na mwanafunzi asipangwe kwenye kata anakopanga yeye. Nauli, mdogo wangu, sina jibu. Mama, balbu zihesabiwe na ziingie kwenye mkataba.