Kusafisha chimni ya nyumba ya zamani Njoro: 2,500 au 22,000?

MwalimuNjoro

Habari zenu wote. Naomba kusikia kutoka kwa mtu aliyewahi kulipia kazi hii, maana bei nilizopewa zimeachana mno.

Tuko Njoro, upande wa kupanda kuelekea Mau Narok. Nyumba ni ya mawe, ya enzi za walowezi, tuliinunua kwa familia iliyohamia mjini. Ina chimni moja kubwa yenye njia mbili: moja ya fayaplesi ya sebuleni, nyingine ya chumba cha nyuma. Waliotuuzia walikuwa wakiwasha ya sebuleni tu, na sisi tukaendelea hivyo hivyo. Anayeishi huku anaijua baridi ya Julai. Mama mkwe yuko nasi, umri umekwenda, kwa hiyo moto unawaka kuanzia magharibi hadi tunapolala.

Tangu mvua za Aprili moshi umekuwa ukirudi ndani. Ukuta wa ndani ya fayaplesi umeshika kitu cheusi kinachong'aa kama lami, na mvua ikinyesha harufu yake inafika hadi jikoni. Mtoto wangu wa pili ana pumu, na usiku kikohozi kimezidi.

Nimeulizia watu watatu. Kijana anayekata matawi ya miti hapa karibu anataka 2,500, atapanda na kamba na gunia lenye mawe. Mwashi mmoja wa Molo ameniambia 6,500 kwa njia zote mbili. Kampuni ya Nairobi wamenitumia bei ya 22,000 pamoja na usafiri, na ukarabati wowote uwe mbali. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Lakini sitaki pia kuokoa pesa kisha tuunguliwe na nyumba. Hizo pesa zinalipia nini hasa? Na ni lazima kila mwaka?

MwanaShinyalu

Mwalimu, usitupe pesa. Sisi Kakamega jiko la kuni liko nje na lina bomba la bati. Kila shule zikifungwa nalishusha, nalipigapiga chini, masizi yanamwagika, nalirudisha. Kwa chimni ya mawe baba yangu, aliyefanya kazi kwenye nyumba za mashamba ya chai Kericho, alikuwa anawasha moto mkali wa mabua makavu ya mahindi, unateketeza uchafu wote kwa dakika chache. Jaribu hivyo kwanza kabla hujamwita mtu.

MilimaniNakuru

Mimi nililipa 5,000 mwaka jana, njia moja, nyumba ya chini. Alikuja mtu mmoja bila turubai. Alisafisha kweli, lakini masizi yalijaa kwenye makochi na pazia, na hakuniambia lolote kuhusu hali ya ndani. Nilipomuuliza kama kuna ufa akasema giza ni jingi. Kwa hiyo usiangalie bei peke yake, uliza atafunika nini na atakuonyesha nini.

Mwashi_Elburgon

Mwalimu, pole kwa moshi, na pole zaidi kwa mtoto. Mimi ni mwashi, naishi Elburgon. Chimni za huku, Molo, Turi, Njoro, nimezijenga, nimezibomoa na kuzisafisha kwa miaka mingi. Si mimi niliyekupa ile 6,500, kwa hiyo usidhani natafuta kazi.

Nianze na ndugu yangu wa Shinyalu, kwa heshima ya mzee wako: tafadhali usimshauri mtu awashe moto mkali kwenye chimni yenye lami. Bomba lako liko nje, likipata moto unarudi nyuma na kulitazama. Nyumba ya Mwalimu ina mbao za paa zinazopita karibu kabisa na mawe ya chimni. Lami hiyo, ambayo wataalamu huiita kreosoti, ni moshi uliopoa. Kuni zikiwa mbichi, moto unatumia nguvu zake kuchemsha maji yaliyo ndani ya mti, moshi unapanda polepole ukiwa hauna joto, ukigusa ukuta baridi unaganda pale. Mwanzo ni masizi ya kupukutika. Baadaye ni magamba magumu. Mwisho ni hiyo inayong'aa, na hiyo ni mafuta ya kuwasha moto yaliyopakwa ukutani. Ikishika, joto linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Nyumba nyingi za walowezi zilijengwa kwa chokaa, si saruji, na chokaa ya zamani ikipata joto hilo inapukutika, cheche zinapita zinaingia darini. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba karibu na Turi baada ya tukio la namna hiyo. Fayaplesi ilikuwa salama, paa halikuwepo.

Na ukisikia chimni inanguruma, usipande kumwaga maji kutoka juu. Jiwe lenye moto likipata maji baridi linapasuka. Toa watu nje, piga 999 au 112, na kama unaweza kufanya hivyo bila kujihatarisha, ziba mdomo wa fayaplesi ili hewa isiingie.

Sasa bei. Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja juu ya paa na mmoja chini. Msaidizi wangu namlipa 800 kwa siku. Gari la kubeba ngazi ndefu na fito kutoka Elburgon hadi kwako na kurudi, sipati chini ya 1,500. Brashi ni ya waya, ya mraba, ukubwa sawa na njia yenyewe. Za zamani nyingi nimezikuta inchi 9 kwa 9, na brashi ya duara haifiki pembeni ambako uchafu ndiko unakojificha. Yangu nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea vyuma Nakuru, na inaisha meno, lazima niibadilishe. Halafu kuna kuziba mdomo wa fayaplesi kwa turubai lililoloweshwa, kuzoa masizi, na kukagua. Ukijumlisha hayo, 6,500 kwa njia mbili ni bei ya haki kama kazi yote inafanyika. Mimi ningekuambia 7,000, na kama lami ni ngumu ya kukwanguliwa kwa mkono ningekuambia mapema kwamba itaongezeka, si baada ya kumaliza.

Kijana wa 2,500 sitaki kumharibia riziki. Gunia lenye mawe linatoa masizi makavu, hilo ni kweli. Lami hiyo haling'oi hata kidogo, na jiwe likiyumba linagonga matofali ya ndani yaliyolegea. Yeye hataona, wewe hutaona, moshi ndio utakaoona. Tena naogopa kwa ajili yake mwenyewe: paa la nyumba kama hiyo lina mwinuko mkali na kofia ya chimni ya zamani haifai kufungiwa kamba ya kubeba mtu. Akianguka, ni mtoto wa jirani.

Kitu unachopaswa kulipia hasa ni macho. Muulize huyo mwashi wa Molo kama atakuja na kioo na tochi yenye nguvu, na akuonyeshe njia ikiwa chafu kisha ikiwa safi. Simu ikifungwa kwenye ufito na kuwashwa video inatosha pia. Akisema hakuna haja, mwache. Muulize atapita wapi kwenye paa na amejifunga nini. Na umwambie apande darini, amulike pale chimni inapopita. Akikuta alama nyeusi kwenye mawe darini, moshi unapenya, na hapo kusafisha peke yake hakutoshi.

Kuhusu kila mwaka: kukaguliwa ndiyo, kila mwaka, kabla ya Juni. Kusafishwa ni pale inapohitajika. Unaweza kujipimia. Moto ukiwa umezimika kabisa tangu jana, chukua msumari, ukwaruze ukuta juu kidogo ya mdomo wa fayaplesi. Uchafu ukifika unene wa milimita 3, wakati umefika. Ukiwa unang'aa, hata ukiwa mwembamba usiwashe tena mpaka usafishwe. Kwa maelezo yako, umeshafika hapo.

Niulize na kuni. Mnachoma nini? Marufuku ya kukata miti ya serikali ilianza Februari 2018, na Rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023 alikuwa hapa hapa Molo. Tangu hapo mabanzi mabichi kutoka kwa wapasua mbao yamekuwa rahisi kupatikana, watu wanayapeleka moja kwa moja sebuleni. Mkaratusi uliopasuliwa na kuwekwa chini ya paa miezi sita hadi mwaka unawaka vizuri. Ule wa wiki jana unakupaka lami. Kuni kavu zina nyufa kwenye ncha, na ukigonganisha mbili zinalia sauti kali. Mbichi zinatoa mlio mzito.

Jambo la mwisho, na naomba ulichukulie kwa uzito. Mkizima fayaplesi mkisubiri fundi, msimwekee mama jiko la makaa chumbani. Makaa hayatoi moshi, ndiyo maana watu huyaamini, lakini yanatoa kaboni monoksidi, na hiyo haina harufu wala rangi. Mvalisheni, mpeni chupa ya maji ya moto kitandani. Msilaze mtu na makaa, hata dirisha likiwa limefunguliwa kidogo.

Muuguzi_Minnesota

Nimekulia Nakuru, sasa niko Minnesota. Nakubaliana na Mwashi. Huku mwaka jana nililipa dola 240, karibu shilingi 31,000, kwa njia moja tu. Bei ninazosikia kwa wenzangu huwa kati ya dola 150 na 400. Lakini msilinganishe moja kwa moja. Anayekuja huku ana bima ya ajali, mashine ya kufyonza masizi na kamera inayopanda hadi juu, na anakuachia ripoti yenye picha. Saa yake ya kazi pekee ni ghali. Viwango vya Marekani, vinaitwa NFPA 211, vinasema chimni ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, sawasawa na alivyosema. Hiyo kampuni ya Nairobi, kama 22,000 yao ina kamera na ripoti, si wezi, ila kwa nyumba ya Njoro naona unalipia sana barabara.

Na kwa mtoto wa pumu, Mwalimu, usisubiri chimni. Mpeleke kliniki wiki hii hii, na alale chumba kilicho mbali na sebule.

MwanaShinyalu

Nimeelewa, Mwashi. Sikujua habari ya chokaa. Mwalimu, acha yale mabua.

MwalimuNjoro

Asanteni sana, kweli. Mtoto tumempeleka jana, amebadilishiwa dawa. Kuni zetu ni mabanzi, Mwashi, na tunayachukua yakiwa bado yanatoka maji.

Nimekwaruza kwa msumari: inang'aa, na ni nene kuliko milimita 3. Tumezima. Nimempigia yule wa Molo, amekubali kuja na kioo na kunionyesha kabla na baada, na turubai analo. Ila kuna jipya. Mume wangu alipopanda ngazi jana aliona nyuki wakiingia kwenye ile njia ya chumba cha nyuma, isiyotumika. Wengi. Fundi amesema tuwashe moto kidogo chini watoke. Nifanye hivyo?

Mwashi_Elburgon

Usiwashe. Moshi ukiwafikia, watakaoweza kushuka watashukia chumbani, na nta ikiyeyuka itatiririka ndani ya njia na kuwaka. Funga mdomo wa fayaplesi hiyo leo kwa ubao au blanketi zito, na wote wakae mbali na chumba hicho.

Tafuta mfugaji nyuki, aje jioni jua likishazama, nyuki wakiwa wametulia. Huku kwetu wapo wanaokubali kuwachukua bila malipo kama kundi lina afya, wengine wanataka 2,000 au 3,000 kwa sababu ya kupanda paa gizani. Mkubaliane kwamba masega yote yatatolewa. Yakibaki, harufu italeta kundi jingine, na hiyo nta ni kuni tosha siku mtakapowasha moto.

Nyuki wakishaondoka ndipo mwashi wako apande. Mwambie njia ya sebuleni aiwekee kofia yenye wavu wa matundu ya nusu inchi, unazuia ndege na cheche. Wavu mwembamba zaidi usikubali, unajaa masizi na moshi unarudi ndani tena. Njia ya chumba cha nyuma, kama hamna mpango wa kuitumia, aifunike juu kwa bati lenye upenyo mdogo wa hewa pembeni, upenyo huo uzibwe kwa wavu wa mbu, na aandike chini kwenye fayaplesi kwa rangi: IMEFUNGWA JUU, USIWASHE. Bati, wavu na kazi, asikutoze zaidi ya 1,500 juu ya ile 6,500. Akitaka zaidi, niandikie hapa kabla hujalipa.