Naomba ushauri: nauza Land Cruiser niliyoigeuza chumba cha kulala

Wakuu, habari za asubuhi. Niko Arusha, nina Land Cruiser 78 ya mwaka 2006, 4x4, injini 1HZ ya dizeli. Nimeijenga kidogo kidogo kwa miaka miwili: paa la kunyanyuka, kitanda cha watu wawili, jiko la gesi, friji, sola ya wati 200, tangi la maji lita 60. Droo ni za mninga; kwenye rasta za barabara ya vumbi ya Serengeti ile ya vijiko hufunguka yenyewe, zingine ziko imara.

Mtoto anaingia chuo, nahitaji hela. Madalali wawili wamenipa bei ya gari tupu, na mmoja kaniambia ning'oe kila kitu nirudishe viti. Iliniuma. Mtandaoni nina wiki ya sita, wanaopiga simu wanauliza tu "mwisho ngapi?"

Je, niuze kama ilivyo nikisubiri wageni wanaozunguka Afrika, au ning'oe vitu niviuze kando? Halafu kadi ya gari bado inaonyesha viti vya mwanzo: nianze kuirekebisha TRA (mamlaka ya mapato), au hayo yanafanyika wakati wa kuhamisha umiliki? Aliyewahi kuuza gari la namna hii anisaidie.